Uliza Ujibiwe: Video ya wimbo, mama wa dagaa, na nani anamtazama nani

Wiki hizi maswali mengi yaliyoingia kwenye safu hii ni ya video za muziki, na nadhani ni kwasababu siku hizi hapa Kigoma ukishuka Kibirizi au Katonga hukosi kuwakuta vijana wana kamera na spika wanashuti. Nimechukua matano. La mwisho nimelijibu kirefu maana toka siku nalisoma halijanitoka rohoni.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nasoma diploma ya uandishi wa habari mwaka wa pili, tumepewa kazi ya kuchambua video ya wimbo kwa nadharia ya Goodwin. Noti nimezisoma mara tatu naona tu orodha ya vitu sita, sielewi vinanisaidia nini nikikaa kuangalia video yenyewe. Nieleweshe kama unaongea na mdogo wako. (Mwanachuo, Mwanga)

JIBU: Mdogo wangu, orodha hiyo inakuchosha kwasababu umepewa majibu bila kuambiwa ugomvi ulikuwa nini. Andrew Goodwin alikuwa msomi Mwingereza aliyefundisha Marekani, na mwaka 1992 alitoa kitabu kinaitwa Dancing in the Distraction Factory. Kilichokuwa kinamkera ni kwamba wasomi waliomtangulia walikuwa wanaichambua video ya muziki kama sinema fupi, wanaongelea picha tu, nani kavaa nini, hadithi imekatika wapi, afu wanamaliza kwa kusema haina mpangilio. Yeye akasema jamani kuna wimbo hapa! Wimbo ulikuwepo kwanza, video imekuja baadae kuutumikia, kwa hiyo mpangilio mnaoutafuta kwenye picha uko kwenye muziki. Shika hapo kwanza, maana hivyo vitu sita vyote ukivikazia macho bila sikio vinabaki kuwa orodha.

Kwa hiyo kabla hujaitazama video yako, laza simu kifudifudi, vaa hedifoni, sikiliza tu, na uandike picha zinazokuja kichwani zenyewe. Goodwin alilipa uzito sana hili la mtu kuona picha kwa kusikia sauti, kitaalamu wanaita sinesthesia. Ukimaliza ndo ugeuze simu uangalie dairekta amekwenda na picha zako au amekwenda pengine.

Sasa maneno na picha. Chukua mstari huu nautunga hapa hapa, "nilikungoja bandarini mpaka taa zikazimwa". Dairekta akimkalisha kijana gatini anaangalia saa, picha imefuata maneno, imechora kile kile kilichoimbwa. Akimvalisha suti mpya mwanzo wa wimbo, afu kila tukirudi kwake suti imechakaa zaidi na ndevu zimeota, na nyuma yake iko Liemba, ile meli Wajerumani waliyoijenga 1913 ikaletwa Kigoma kwa vipande, imefungwa tu haiendi popote, hapo picha imekuza, imetuambia kitu ambacho mstari haukusema, kwamba huyu mtu kangoja miaka. Na akituonesha harusi, watu wanacheza, hakuna bandari wala anayengoja, picha imeachana na maneno na mtazamaji inabidi ajiulize hiyo harusi ni ya nani. Kufuata, kukuza, kuachana. Usiishie kuandika "hapa kuna kukuza", andika picha imeongeza nini, maana hapo ndo alama zilipo na hapo ndo utamu wenyewe ulipo.

Picha na muziki nako usipaache, watu wengi wanaparuka kwasababu hawajui waanzie wapi. Anza na hesabu ndogo. Wimbo wa biti 100 kwa dakika, kila biti ni sekunde 0.6, na kundi la biti nne ni sekunde 2.4. Chukua stopwochi ya simu, pima picha inakaa sekunde ngapi kwenye vesi, afu pima kwenye kiitikio. Mara nyingi utakuta kwenye kiitikio picha zinakatwa haraka zaidi na yale mambo ya kucheza yanarudi, maana kiitikio chenyewe kinarudi. Ndo sababu hadithi ya kwenye video ya wimbo haiendi mbele moja kwa moja, kila ikianza kunoga wimbo unairudisha kwenye kiitikio. Carol Vernallis, mtafiti wa Marekani, ameliandika hili vizuri sana kwenye kitabu chake cha 2004, na mi namkubali kuliko hata Goodwin kwenye hili la kukata picha.

Halafu kuna uso. Lebo inataka staa aonekane, kwa hiyo kamera inamsogelea usoni tena na tena, na kuna alama zake zinazomfuata video hadi video, miwani, cheni, namna ya kukaa, mpaka ukiiona miwani peke yake unajua ni nani. Kauangalie ule wimbo wa pamoja wa wasanii wenye asili ya huku, Kigoma All Stars, Leka Dutigite wa 2012, ukae na saa mkononi uone muda wa uso unavyogawanywa pale mastaa wanapokuwa wengi kwenye wimbo mmoja. Zilizobaki kwenye noti zako ni tabia za aina ya muziki (singeli na taarab hazishutiwi sawa, hilo unalijua toka utoto), kuazima picha kutoka sinema na video zingine, na suala la kutazamana. Hilo la kutazamana nimelijibu kwa mama wa Kibirizi huko chini, lisome, litakufaa.

SWALI: Oya bro, tunashuti kwa kamera ya kawaida tu. Tukiweka slo mosheni inatoka kali ila mdomo wa msanii hauendani na wimbo, wale wakubwa wanafanyaje? (Kijana wa Katubuka)

JIBU: Wanakimbiza wimbo. Kama video yenu inatoka kwa fremu (zile picha moja moja zinazoiunda video) 25 kwa sekunde na mnataka kila kitu kiende nusu ya mwendo, mnashuti kwa fremu 50, na pale lokesheni wimbo mnaupiga kwa spidi mara mbili. Msanii anaimba haraka haraka kama anakimbizwa, inaonekana kituko kwa anayepita njia, ila mkirudi kwenye kompyuta mkaipunguza mpaka 25 mdomo unakaa pale pale kwenye wimbo wa kawaida, na nguo, nywele, maji ya ziwa vyote vinaelea. Ukitaka 24 basi shuti 48, hesabu ni ile ile. Msanii afanye mazoezi nyumbani siku mbili kabla kwa spidi hiyo ya juu, asije kujifunzia mbele ya kamera wakati jua linazama na mmelipia bajaji kwa saa. Na pumzi, mwambie avute pumzi pale pale anapovuta kwenye rekodi, shingo ikikosea mtazamaji anajua hata kama mdomo umepatia.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni katibu wa kwaya Ujiji. Tunajiandaa kushuti albamu na tumegawanyika. Vijana wanataka gardeni ya hoteli na gari la kukodi, wazee wanataka ufukweni. Pia dairekta amesema atamfuata zaidi muimbishaji sababu ana sura ya kamera, wengine wameumia. Tushauri mtumishi. (Katibu wa kwaya)

JIBU: Amina katibu. Naanza na hili la pili maana ndo linaloweza kuvunja kwaya. Dairekta wenu amezoea video za msanii mmoja, na huko kweli kanuni ni uso, uso, uso, maana kinachouzwa ni mtu. Kwaya haiuzi mtu. Staa wa kwaya ni sare na hatua, ni ile watu thelathini kugeuka bega moja kwa wakati mmoja, na kitu hicho hakionekani kamera ikiwa puani kwa muimbishaji. Kinaonekana kamera ikirudi nyuma, ikapanda juu kidogo, ikatulia. Muimbishaji asogelewe anapoimba peke yake, kwaya ikipokea kamera irudi nyuma tuwaone wote mpaka miguu, na katikati ipite taratibu kwenye nyuso za safu ya sauti ya tatu na ya nne ambao huwa hawaonekani kabisa, watu wa nyumbani kwao wanawasubiri hao.

Lokesheni. Gardeni, raundiabauti na gari vimekuwa desturi ya video za kwaya na mi sivibezi, kwa mtu aliyekulia kijijini kuonekana mahali pasafi palipopandwa maua ni shukrani kwa Mungu, ndo maana ilishika. Ila jiulizeni wimbo unasema nini. Kama mnaimba habari ya wanafunzi wavuvi waliokesha wasipate kitu, na ninyi mnaishi Ujiji, mnaenda gardeni kufanya nini? Huko majuu dairekta anaweza kujenga ziwa la uongo, ninyi mnalo mlangoni, na wavuvi wake, na taa zao usiku.

Mkikubaliana na ufukwe basi shutini asubuhi. Huku kwetu ziwa liko magharibi, kwa hiyo kwaya ikisimama ziwa likiwa mgongoni asubuhi, jua linatoka upande wa mjini na linawapiga usoni, nyuso zinang'aa na maji nyuma yanakuwa ya bluu. Mkienda saa kumi na moja jioni jua liko nyuma yenu kuelekea Kongo, inatoka picha nzuri ya vivuli lakini nyuso zote nyeusi, na mmelipa hela ili muonekane. Kama dairekta anataka droni mwulize mapema habari ya vibali, droni Tanzania zinasajiliwa na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hairushwi tu kwa vile unayo mkononi.

SWALI: Mwalimu wa sekondari Kasulu hapa. Wanafunzi wangu wanabisha, video za muziki zilianza Marekani na MTV au kuna kabla? Na sisi zilitufikia lini?

JIBU: Kabla ipo, mwalimu. MTV, ile stesheni ya Marekani ya video za muziki, ilifungua tarehe 1 Agosti 1981, ila miaka ya 1960 Ufaransa kulikuwa na mashine za Scopitone kwenye baa, unatumbukiza sarafu inakuonesha filamu fupi ya wimbo, na Marekani walikuwa na mashine za namna hiyo miaka ya 1940. Bendi ya Waingereza, Queen, nao walishutia wimbo wao mrefu video mwaka 1975 ili ichezwe kwenye kipindi cha televisheni bila wao kusimama jukwaani. MTV ilichobadilisha ni kuifanya video kuwa chakula cha saa 24, na mwaka 1983 Michael Jackson akatoa Thriller ya karibu dakika 14 iliyoongozwa na dairekta wa sinema, John Landis, watu wakaona kumbe hata hapa mtu anaweza kujenga nyumba kubwa. Sisi bara hatukuwa na televisheni kabisa mpaka 1994 zilipoanza stesheni binafsi, Zanzibar wao walikuwa nayo toka miaka ya 1970. Kwa hiyo wazazi wa hao wanafunzi wako wengi wao utotoni muziki waliujua kwa redio na jukwaani tu. Waulize nyumbani wimbo wa kwanza kuuona ulikuwa upi, utapata somo zuri la kipindi kizima.

SWALI: Hujambo mwanangu. Mimi naongea, binti yangu ndo anaandika. Vijana walikuja mwaloni Kibirizi asubuhi tunaanika dagaa, wakasema wanapiga picha za ziwa. Juzi video imetoka. Kijana anaimba alivyotoka kwenye dhiki, na akilitaja tu neno dhiki natokea mimi, nimeinama kwenye chanja, kanga imelowa, wamenichukua kwa nyuma. Sasa sokoni Mwanga naitwa Mama Dhiki. Mimi sina dhiki, kwa dagaa hizo nimesomesha watoto wanne. Kwanini wamenifanya hivi, na naweza kuwaambia waitoe? (Mama wa Kibirizi)

JIBU: Shikamoo mama. Binti yako amenitumia kipande hicho, nimekiangalia mara nyingi, na nikuambie ukweli hujakosea kuumia.

Ubaya ulifanyika pale walipokata. Wewe ulikuwa unaanika dagaa, basi, hiyo picha peke yake ni mtu yuko kazini. Walipoigandisha kwenye neno dhiki ndo ikapewa jina. Kuna Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, karibu miaka mia iliyopita alichukua sura ile ile ya muigizaji, isiyo na furaha wala huzuni, akaiweka karibu na bakuli la supu, afu karibu na jeneza, na inasimuliwa watu waliona huyu mtu ana njaa, mara wakaona ana msiba, na sura ni ile ile moja! Picha haijisemei, inasemewa na jirani yake. Kwako wewe jirani alikuwa ni neno.

Cha pili ni hilo la nyuma. Nimehesabu kwenye video hiyo uso wa msanii unarudi zaidi ya mara thelathini, wako hata mara moja. Mwaka 1975 mwanamama Mwingereza Laura Mulvey aliandika makala kuhusu sinema za Hollywood, akauliza swali ambalo mpaka leo linawasumbua wanaoshika kamera, nani anatazama na nani anatazamwa. Alisema kuna macho ya aina tatu, ya kamera, ya mtazamaji aliyekaa kwenye kiti, na ya watu waliomo ndani ya sinema wenyewe kwa wenyewe, na yote matatu yamepangwa yawe macho ya mwanaume, mwanamke yupo ili atazamwe. Yeye alikuwa anaongelea warembo. Mi naona njia hiyo hiyo ndo imepita kwako, ila badala ya urembo wametafuta umaskini, wakakuchukua bila uso ili uwe mama yeyote, usiwe wewe. Vijana hawa si lazima wawe na roho mbaya, wameona video mia za namna hiyo, mtoto peku, mama kainama, moshi wa jikoni, wakadhani ndo lugha. Lakini aliyeona mia ana wajibu wa kujiuliza ya mia na moja aipigeje.

Na ndo maana we na wao mmeiona picha moja mkasoma vitu viwili. Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaica aliyefanya kazi Uingereza, mwaka 1973 alieleza kwamba mtengenezaji anaweka maana yake ndani, ila mtazamaji anaweza kuipokea kama ilivyo, au akachukua nusu akaacha nusu, au akaikataa moja kwa moja. Mtu wa mbali asiyejua mwalo ataona dhiki. Watu wa hapa wanaojua bei ya dagaa wa Kigoma waliokauka vizuri walipaswa kuikataa, na kinachoniuma ni kwamba hata sokoni, wanaokufahamu, wameipokea.

Sasa la kuitoa. Kwanza usianze na polisi wala mwanasheria. Nenda na kiongozi wa mwalo au mwenyekiti wa mtaa, mtafuteni msanii mwenyewe, kwenye maelezo ya video chini huwa wanaweka namba ya menejimenti. Atakuambia hawezi, video ishatoka, vyuuz (hesabu ya waliotazama) zitapotea. Mwambie si kweli. YouTube ina sehemu ya kuhariri video ikiwa hapo hapo ilipo, wanaweza kukificha kipande chako kwa kukifanya kiwe ukungu bila kuishusha video, linki inabaki ile ile na vyuuz zinabaki. Ni kazi ya muda mfupi kwa kijana anayejua.

Wakikataa, YouTube wenyewe wanapokea malalamiko ya faragha kutoka kwa mtu aliyeonekana bila ridhaa, na aliyepandisha anapewa saa 48 ashughulikie. Ila hapo kuna ugumu, wanaangalia kama unatambulika waziwazi, na kwa kuwa uso hawakuuonesha wanaweza kusema hutambuliki, hata kama Mwanga nzima imekutambua kwa kanga. Kwa hiyo andika kwenye malalamiko kwamba unatambulika, taja mahali, taja kazi, eleza unavyoitwa sokoni. Na hapa nchini tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, malalamiko yanapelekwa huko pia.

Wakikubali, na natamani sana wakubali, usiishie kwenye ukungu mama. Waambie warudi siku dagaa zimekauka, asubuhi, wakae mbele yako siyo nyuma, wakuchukue unapopima na kupokea hela ya mteja, uso wazi, kanga utakayoichagua mwenyewe. Kijana kaimba ametoka mbali, basi atuoneshe na waliomtoa. Binti, we leo piga picha ya skrini ya video ionekane tarehe, jina la chaneli na dakika mama anapotokea, zihifadhi kwenye simu mbili, na ujumbe wowote wa kumwita mama jina hilo usiufute.